Wacheni Kulaumu Mtu wa Kaunta, Kompyuta Ndiyo Imeganda

Watu wangu, leo tuongee kuhusu kitu kinaonekana kidogo: kompyuta ya kaunta pale maktaba yenye huganda kila siku. Foleni imefika mlangoni, mama wa maktaba anabonyeza kipanya ni kama anabisha nyumba haina watu, halafu mtu huko nyuma anasema, "Hawa hawajui kompyuta."

Hapo ndo mimi nakataa. Kompyuta ikiganda kila siku, shida si mtu wa kaunta. Shida ni kwamba hakuna mtu ameuliza kwa nini. Tumezoea dawa moja: zima, washa tena. Inasaidia, ndiyo, kwa sababu inamwaga kila kitu kilichokuwa kimejaa kwa RAM. Lakini hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu. Jino likikuuma mwaka mzima, si utaenda ling'olewe?

Na kutafuta chanzo si uchawi. Swali la kwanza halitaki digrii: imeganda hii moja ama zote? Maktaba nyingi za vyuo hapa Kenya hutumia Koha, mfumo wa bure uliotoka New Zealand na kuanza kazi mwaka wa 2000. Koha hufunguka ndani ya brauza, lakini rekodi ziko kwa sava. Kwa hivyo zote zikikwama pamoja, angalia sava ama mtandao. Ikikwama moja na jirani yake iko sawa, ugonjwa uko kwa hiyo moja.

Swali la pili: kipanya kinasonga? Kikisonga na ni dirisha moja tu limekwama, shuku programu. Kama hata kipanya kimekufa na saa ya pale chini imesimama, shuku vifaa: joto, vumbi, RAM mbovu, diski inayoelekea kufa, ama draiva.

La tatu: ikianza kuvuta miguu, kabla haijaganda kabisa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Task Manager itakuonyesha nani anakula nini. Diski ikisoma asilimia 100 na hakuna kitu umefungua, mara nyingi ni antivairasi inakagua ama Windows inajisasisha kwa diski ya zamani ya kuzunguka. RAM ikijaa, hesabu tabo za brauza. Na kama kuna antivairasi mbili kwa mashine moja, toa moja. Hizo hupigania kila faili.

La nne ndilo napenda zaidi, na ni daftari tu. Andika saa, kilichokuwa kimefunguliwa, na ni mashine ngapi zimeganda. Fanya hivyo wiki mbili. Ukiona ni saa nne asubuhi kila siku, pengine ukaguzi wa antivairasi umepangwa saa hiyo hiyo. Uhamishwe saa ya chakula. Usiupeleke usiku kama kompyuta huzimwa jioni, maana hautafanyika.

Mbona nachemka na hii maneno? Kwa sababu gharama inaangukia mtu mdogo. Kompyuta ikiganda katikati ya kurudisha kitabu, kitabu kinaweza kubaki kwa jina lako. Umerudisha, lakini rekodi inasema unadaiwa. Mwanafunzi anafika siku ya kukamilisha masomo anaambiwa alipe faini. Kwa hivyo mashine ikirudi, mtu wa kaunta afungue akaunti yako tena athibitishe. Na wewe usiondoke kabla hujaona.

Watu wa IT watasema wafanyakazi wakiguswaguswa na mitambo wataharibu. Sawa, sisemi wapewe nywila ya msimamizi. Nasema wapewe daftari, na likiletwa lisomwe. "Mashine inasumbua" haimsaidii fundi. "Imeganda mara sita, zote saa nne, diski ikiwa 100" inampa pa kuanzia.

Wakubwa nao watasema dawa ni kununua mpya. Mara nyingine ni kweli: Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Lakini Koha inahitaji brauza tu, na Linux iko na brauza. Kuweka SSD na kuongeza RAM ni bei ya chini sana kuliko mashine mpya. Shida ni kwamba hakuna mtu hukata utepe wa SSD, kwa hivyo hakuna picha ya kupiga.

Sisi wenye hatukumaliza chuo, maktaba ya umma ndiyo tumebaki nayo. Kwa hivyo next time foleni ikikwama, usimfokee mama. Muulize, "Hii imeganda mara ngapi wiki hii, na nani anaandika?" Hilo swali likiulizwa na watu kumi kwa siku, daftari litapatikana.