Mavuno ni Shukrani, Si Kodi

Katika makanisa ya Ngara na Biharamulo, ibada ya mavuno ina desturi yake: ndizi, maharage na kuku huletwa madhabahuni, kisha hunadiwa nje baada ya ibada. Desturi hii ni njema.

Lakini mvua zikikosa, mkulima hana la kuvuna. Na wako ndugu zetu wa visiwa vya Ziwa Viktoria wanaovuna majini, si shambani. Kumdai mmoja kapu asilokuwa nalo, au kuyadharau mafungu ya dagaa ya mwingine, ni kuigeuza shukrani kuwa kodi.

Viongozi wa Serikali wanaoalikwa mnadani wasishindane kupandisha bei ili waonekane. Watazame nani amekuja mikono mitupu, kwani hapo ndipo njaa huanza kujulikana. Asiyevuna apewe, asidaiwe.