Siri ya Nyumba na Programu ya Briar

Siri ya nyumba ni amana, na siku hizi nyingi tunaziweka katika simu. Kwa hiyo tunaitaja Briar, programu ya ujumbe isiyo na malipo kwa simu za Android.

Briar haidai namba ya simu, wala haina kompyuta kuu inayohifadhi maneno yetu. Ujumbe husafiri ukiwa umefungwa kwa msimbo, ukabaki katika simu za wanaoandikiana tu. Intaneti ikiwepo hupitia mtandao wa Tor. Ikikatika, simu zilizo karibu huunganishwa kwa Bluetooth au Wi-Fi.

Hata hivyo, anayesahau nywila hana wa kumrejeshea, na ujumbe wake hupotea. Tena, kwa kawaida simu zote mbili sharti ziwe hewani ndipo ujumbe ufike. Basi matangazo ya darsa na mazishi yabaki kulikozoeleka; huku yaandikwe ya suluhu za ndoa, madeni na haja za wahitaji.

Na aliyepokea siri akiamua kuisambaza, hakuna programu itakayomzuia. Tuchague kwanza wa kumwandikia.

Wabillahi tawfiq.