Data Ikuje Mara Moja, Tugawane Ndani ya Simu

Nyinyi wasee wa kutengeneza website, leo ni zamu yenu.

Hapa Isiolo mtu ananunua bando ya mbao na anataka imfikishe jioni. Anafungua ukurasa wa bei za mifugo: kuna orodha, kuna grafu, kuna kengele ya kumwambia bei ya mbuzi imepanda. Poa. Lakini ukichungulia msimbo, kila kimoja kimefungua EventSource yake. Bei ni zile zile, seva ni ile ile, na zinaingia mara tatu. Akitoka mjini kuelekea Merti, mtandao unaanza kukatika, na kila ukirudi ni miunganisho mitatu inaanza upya. Nani analipia hizo mbili za ziada? Si wewe developa. Ni huyo mzee wa sokoni.

Mkiulizwa mnasema eti kila sehemu lazima ijitegemee. Sawa, ijitegemee kwa kusoma, si kwa kuvuta. Boma la watu watano halichimbi visima vitano.

Na hata kama bando ya mtu haikuumi, utakwama tu. Kwa HTTP/1.1 brauza inaruhusu miunganisho 6 ya EventSource kwa domeini moja, vichupo vyote vikijumlishwa. Huo ukurasa wako ukifunguliwa kwa vichupo viwili, umejaza. Cha tatu kinazunguka tu, na mtu analaumu Safaricom bure.

Najua kuna mjanja anasema, “Si utumie tee()?” Ndiyo, jibu la fetch husomwa mara moja tu, wa pili akija anapata kosa, na tee() inaligawa mara mbili. Clone() nayo ni hiyo hiyo. Lakini hapa ndio wengi hulala. Kasi inafuata msomaji mwenye mbio, na data ya yule mwingine inarundikwa kwa memori bila kikomo. Grafu ikijivuta kwa simu ya RAM ya 2GB, rundo linakua mpaka ukurasa unajifunga. Kwa Node, pipe() ukiielekeza sehemu mbili ni kinyume: wa polepole anachelewesha wote. Hakuna inayokuamulia vizuri. Uamuzi ni wako, na wengi wenu hamjawahi kuufanya.

Sio mgumu lakini. Bei ya saa nne haina kazi ikishatoka ya saa tano, kwa hivyo msomaji akichelewa, tupa za zamani, mpe ya mwisho. Ujumbe wa malipo hautupwi hata mmoja. Huo utaungoja, ama uuhifadhi kwanza. Baada ya hapo ni msimbo mfupi tu: muunganisho mmoja, orodha ya wanaosikiliza, kila mmoja na foleni yenye kikomo. Vichupo vikiwa vingi, kimoja kishike muunganisho na kipashe vingine kwa BroadcastChannel.

Na kabla mnirukie na HTTP/2: hiyo inaongeza tu idadi ya mitiririko inayoruhusiwa kwa wakati mmoja. Bei zile zile bado zinaingia mara tatu kwa bando ya mtu. Fungua ukurasa wako mwenyewe, hesabu EventSource ziko ngapi, alafu tuongee.