Fagio Kwanza, Dawa Baadaye

Juzi tulikuwa gereji moja jijini Dar es Salaam, fundi akifungua siti za basi la mikoani. Chini ya siti ya tatu mlikuwa na maganda ya karanga, kiini cha yai la kuchemsha kilichokauka, punje za mahindi ya kuchoma na, kwenye kona ya reli, vifuko vya kahawia vyenye ukubwa wa punje ya mchele. Kifuko kimoja cha yule mende mdogo wa kahawia hubeba mayai 30 hadi 40. Basi hilo lilikuwa limepulizwa dawa siku tisa tu kabla.

Dawa ya kupuliza humuua mende anayepita njia. Kifuko cha mayai haikipenyi, wala haimfikii kunguni aliyejibanza ndani ya mshono wa siti. Tena kunguni wa sehemu nyingi duniani wamekwisha kuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo zimejaa madukani. Mwenye basi anaongeza kipimo, wadudu wanarudi, na anayeumia ni abiria.

Tunasema wazi: kupuliza dawa alfajiri na kupakia watu kabla gari halijakauka na kupigwa na upepo ni kuhatarisha afya zao. Basi ni chumba kidogo. Dereva na konda wanashinda humo, watoto wanalamba vyuma vya siti, na mwenye pumu hana pa kukimbilia. Tangu safari za usiku ziliporuhusiwa tena mwaka 2023, mabasi mengi yanageuza bila kulala. Muda wa usafi umebanwa, kwa hiyo upangwe kwenye ratiba kama unavyopangwa muda wa kubadilisha oili.

Kazi yenyewe inajulikana. Toa takataka zote, fungua siti, kisha pitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye mishono, kwenye reli na chini ya zulia. Uchafu uliofyonzwa ufungwe ndani ya mfuko na kutupwa mbali na gari. Halafu tumia mvuke wa moto, kwani kunguni na mayai yake hufa joto likifika nyuzi 50. Kuegesha gari juani vioo vikiwa vimefungwa hakutoshi: dashibodi itaunguza mkono, lakini ndani ya sponji ya siti huenda joto hilo lisifike.

Kwa mende, dawa ya jeli ndiyo bora. Vitone vidogo nyuma ya dashibodi na chini ya siti vinatosha; mende hula, kisha hufia mafichoni. Usipulize dawa mahali ulipoweka jeli, kwa sababu mende wataikimbia. Na ikibidi kupuliza, dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), mpulizaji awe na ujuzi, na kazi irudiwe baada ya wiki mbili. Mayai ya kunguni huanguliwa kwa siku 6 hadi 10 hivi, na watoto wake ndio wanaorudisha kero upya.

Tunaiomba Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) itake kila basi liwe na daftari la usafi linaloonyesha siku lilipofunguliwa siti, siku lilipopigwa dawa, jina la dawa na saa lilipopakia abiria. Mkaguzi anayetazama matairi alitazame na daftari hilo.

Abiria nao wana sehemu yao. Muuza karanga akipita dirishani, nunua, lakini maganda na mabaki weka kwenye mfuko ushuke nao. Ukifika nyumbani, begi lisiende moja kwa moja kitandani. Likague mishono nje kwanza, maana kunguni husafiri kwa mizigo. Na ukiona mende ndani ya basi, mwambie konda waziwazi. Wenye mabasi watasikia mapema zaidi abiria wasiponyamaza.

Fundi yule alipomaliza kufagia chini ya siti ya tatu, ndoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Kilichokuwa ndani ya ndoo ile ndicho kilichowalisha mende siku zote tisa. Ndoo hiyo ijazwe kwanza, ndipo mwenye basi aende dukani kununua dawa.