Baba Anapopunguzwa Kazini



Hivi karibuni tulimpokea mama mmoja hapa Kibaoni, akilalamika kichwa na kukosa usingizi. Tulipompima, shinikizo la damu lilikuwa juu. Tukaketi naye faraghani. Ametupa ruhusa tuyaseme haya bila kumtaja.

Mumewe alikuwa mpanga kurasa katika kampuni ya uchapishaji mjini kwa miaka 16. Alipunguzwa kazini, akaona aibu kusema. Kwa wiki 3 aliondoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni kama kawaida. Mama alidhani ana mwanamke mwingine. Ukweli ulipojulikana, maneno makali yalikwisha kusemwa mbele ya watoto.

Akina mama, kupunguzwa si kufukuzwa. Mwanzoni mwa 2021 kampuni ya New Habari (2006) ilisitisha kuchapa magazeti ya Mtanzania, Rai, Dimba na Bingwa, na watu wakapoteza kazi. Wasomaji na matangazo vimehamia kwenye simu. Basi usimuulize baba, "Umekosa nini?" Muulize, "Tufanyeje?"

Pia ijueni haki yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema na kushauriana na wafanyakazi kuhusu sababu, njia za kuepuka hatua hiyo na jinsi ya kuchagua wa kupunguzwa. Asipofanya hivyo, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Msichelewe.

Halafu kuna kiinua mgongo. Kima cha chini ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa hiyo hata mwenye miaka 16 anaweza kupata siku 70 tu. Bahasha huonekana nene, kumbe ni chakula cha miezi miwili na kidogo. Ya wenzetu hawa iliishia kwenye madeni na ndugu waliokuja kukopa.

Sasa wamerudi nyumbani, wanalima mpunga. Kila Jumamosi jioni huketi na daftari moja, wakiandika kilichoingia na kilichotoka. Mama anaendelea na dawa, na usingizi umerudi. Alituambia kilichomponya zaidi ni kuusikia ukweli kutoka kinywani mwa mumewe.

Tusali nyumbani, lakini pia tuongee. Mungu awabariki hadi mwezi ujao.