Santuri Zangu Zinahamia Nami

Watu wawili wakiamua kukaa pamoja, kuna kikao cha mahari, kikao cha kodi na mjadala wa nani atanunua meko. Vitu ambavyo mmoja wao amekusanya miaka yote havina kikao. Hujadiliwa siku ya kuhama, pikapu ikinguruma nje, na hapo mwenye sauti kubwa ndiye hushinda.

Mara nyingi ni mwanamume. Spika zake na PlayStation huitwa "vitu vya nyumba". Vyetu sisi wanawake huitwa "mzigo".

Mzigo wangu ni santuri 212 nilizorithi kwa babu, nyingi zikiwa benga ya Kikamba ya miaka ya 1970 na 1980: Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Kalambya Boys, Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Mwezi ujao nahamia na mchumba wangu hapa Kitui mjini. Ameniuliza kwa upole kama naweza kuziuza. Anti yangu hakuwa mpole: "Mke haolewi na makopo."

Wanaosema niuze wana hoja mbili. Ya kwanza, eti nyimbo zote ziko YouTube. Zote? Zilizoko huko zilifika kwa sababu kuna mtu hakutupa santuri yake. Aliipangusa vumbi, akaicheza, akairekodi. Wimbo uliotupwa na kila mtu hauko popote. Tena benga ya santuri hizi ndogo mara nyingi iligawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa pili. Ukipewa upande mmoja tu, unakatiwa wimbo magitaa yakianza kuchemka.

Hoja ya pili ni nafasi. Sawa, tupime. Santuri 212 za inchi 7, zikisimamishwa wima jinsi zinavyotakiwa, hazifiki nusu mita. Zinaingia chini ya meza ya TV, mbali na joto la mabati lisije likazipinda. Spika zake mbili zinakula nafasi kuliko hiyo, na hakuna aliyemwambia aziuze. Kwa hivyo tusidanganyane, shida si nafasi. Shida ni nani anayeruhusiwa kuingia kwenye nyumba mpya akiwa mtu mzima mwenye historia yake.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 5, inasema ulichopata au kurithi kabla ya ndoa si sehemu ya mali ya ndoa, isipokuwa mkubaliane vingine. Vizuri. Lakini sheria haiji kusimama mlangoni siku ya kuhama.

Wazee wetu walilijua hili. Mbuzi wa ntheo huhesabiwa mmoja mmoja, mbele ya mashahidi, ili kesho mtu asibishane. Basi nasi tuhesabu. Kabla ya kulipa kodi ya kwanza, kila mmoja aandike vyake. Rafu zigawanywe sawa. Kama ni lazima vitu vipungue, vya wote wawili vipungue, na mwenye kitu ndiye achague kipi kitoke. Usiguse rafu ya mwenzako bila kumuuliza.

Na ukiona haya ni masharti magumu mno, basi hutafuti mke. Unatafuta mpangaji asiyelipa kodi, anayekupikia.