Matangazo ya Michezo ni Darasa la Kiswahili

Aendaye masomoni ughaibuni hudhani kwamba atakachokitamani zaidi ni chakula cha kwao. Mimi nilichokitamani zaidi ni sauti ya mtangazaji wa mbio.

Usiku wa Agosti 9, 2012, nilikuwa mjini Leipzig, Ujerumani, nikisomea shahada ya uzamifu katika isimu. Tulikusanyika wanafunzi wa mataifa mbalimbali mbele ya runinga ya bweni, tukisubiri fainali ya mita 800 ya Olimpiki za London. David Rudisha alishika uongozi mapema, akazunguka uwanja mara mbili bila ya mtu wa kumwekea kasi, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hapakuwa na binadamu aliyewahi kuyakimbia masafa hayo chini ya dakika 1 na sekunde 41. Kijana Timothy Kitum, Mkenya pia, alijinyakulia nishani ya shaba.

Mtangazaji wa Kijerumani aliifanya kazi yake barabara. Hata hivyo, nilihisi kana kwamba natazama harusi ya ndugu yangu kupitia dirisha la jirani. Kwa bahati nzuri, kabla ya bastola kulia nilikuwa nimempigia simu ndugu yangu mdogo kule Kakamega, nikamsihi aiweke simu kando ya redio. Picha nikaiona kwa macho ya Ujerumani, mbio nikazisikia kwa Kiswahili. Mara watu wanachanja mbuga, mara wanaachwa kwenye mataa! Machozi yakanilengalenga.

Tangu usiku huo nimejiuliza kilichonigusa ni nini. Jibu langu ni la mwanaisimu. Mtangazaji wa Kiswahili husema, "Anaongoza Rudisha!" Kitenzi hutangulia na jina hufuata, kwa kuwa kiambishi cha mwanzo kimekwisha kumdokeza mtenda. Husema, "Anakwenda, anakwenda, anakwenda!" na takriri hiyo huenda sambamba na hatua za mkimbiaji. Hizo si porojo. Ni sarufi na fasihi simulizi zikitenda kazi papo hapo, bila ya fursa ya kufuta wala kuandika upya.

Sasa tutazame shule zetu. Katika sekondari, sajili ya michezo hufundishwa chini ya isimujamii. Mwanafunzi hukariri orodha: sentensi fupi, takriri, chuku, msamiati maalumu. Huinakili katika mtihani na kupata alama zake, ilhali pengine hajawahi kuketi akasikiliza tangazo moja la Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Hii ni sawa na kufundisha kuogelea ubaoni. Jumamosi, kijana huyo huyo hutazama kandanda ya Uingereza kwa Kiingereza, na Jumatatu akaulizwa maana ya "mkwaju" akabaki kukodoa macho.

Wapo watakaodai kwamba watangazaji wetu huchanganya ndimi na kuvuruga upatanisho wa kisarufi. Ni kweli, hutokea. Lakini kosa lililosikika nalo ni somo. Mwanafunzi na alisahihishe.

Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 7, 2025, aliwafanya wasikilizaji wa redio waione kandanda kwa masikio. Umahiri wa aina hiyo haustahili kuzikwa pamoja na wenyewe. Vituo vya utangazaji vihifadhi kanda zao na kuzifungulia shule. Nasi wa vyuo vikuu tusijitoe lawamani: tunawatuma wanafunzi wetu kukusanya ngano na vitendawili vijijini, nao utanzu huu unaozaliwa kila wikendi tunaupa kisogo.

Mwalimu mwenzangu, huhitaji kungoja waraka wa Wizara. Rekodi dakika tano za tangazo kwa simu yako. Wasikilizishe wanafunzi mara mbili, wanukuu nahau na tashbihi walizozisikia. Kisha watoe uwanjani. Wanne wakimbie, mmoja atangaze. Atakayebabaika leo atanyooka kesho, na somo la kusikiliza na kuzungumza litakuwa limepata uhai.

Mimi ilinibidi kwenda hadi Leipzig ndipo niithamini sauti iliyokuwa ikinguruma sebuleni kwetu tangu utotoni. Wanafunzi wetu wasilazimike kusafiri mbali hivyo. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.